Maji Safi si Hisani ya Tajiri



Mtoto akiharisha, wengi wetu husema, "Ni meno tu," kisha hungoja. Ndugu, meno hayaui. Kinachoua ni kuishiwa na maji mwilini, na mtoto mdogo hana akiba.

Yafaa tulijue jambo hili. Viko vijidudu vya jamii ya E. coli viingiavyo tumboni kwa maji au chakula kilichoguswa na mavi. Vikifika hushika ukuta wa utumbo na kutoa sumu. Sumu hiyo haipasui utumbo, bali huufanya umwage maji na chumvi ya mwili. Ndiyo humwangusha pia dereva au msafiri aliyekula chakula cha njiani. Sumu ya kipindupindu ni ndugu yake.

Hata hivyo sumu hiyo haiuzuii utumbo kunyonya sukari, na sukari ikipita huvuta chumvi na maji pamoja nayo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4.

Basi mpeni mtoto maji ya pakiti ya ORS. Ikikosekana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mama asiache kunyonyesha. Ombeni zinki zahanati, ya siku 10 hadi 14. Mkiona damu, macho yameingia ndani, au mtoto amelegea, kimbieni hospitali.

Lakini kumponya mtoto leo, na kesho kumpa maji yale yale machafu, ni kutwanga maji kwenye kinu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 32, yamlazimu tajiri kuleta maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba alizowapa wafanyakazi. Hiyo si hisani.

Kila halmashauri ya tawi na ikague mifereji, matangi na vyoo vya kambi yake. Palipo na kasoro, mwandikieni tajiri barua, na nakala ije kwa Chama. Mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Tukisema sote tutasikilizwa.

Umoja ni nguvu.