KISIKI SI PORI! Watuache na uongo wa «muti utarudi wenyewe»

Wananchi wa Lubumbashi, Kipushi, Kasenga, Kambove na Sakania,

Kila tukiuliza juu ya nini pori la miombo linaisha, wenye mamlaka wanatujibu neno moja: «Musiogope, muti ukikatwa unachipuka wenyewe.» Leo tunasema: inatosha. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inamaliza pori letu.

Nusu ya kweli tunaijua, hatuikatai. Ukikata mutondo, muputu ao muombo, kisiki hakifi. Kinatoa machipukizi, na mizizi pia. Mvua chache tu, kichaka kimefunga. Ndege wadogo wa vichakani wanaingia, sauti zinajaa. Mtu anapita barabarani anasema: si muone, ndege wako!

Ndiyo, wako. Lakini ni ndege gani? Kigong'ota anachimba tundu lake katika shina nene lililozeeka. Hondohondo anataka tundu kubwa, sababu mama anajifungia humo na mayai yake. Fito za unene wa mkono haziwezi kuwa nyumba yao. Na ndege wa asali, yule anayeita watu mpaka kwenye nyuki, hajengi kiota: anataga katika viota vya wengine, na wengi wao ni ndege wa matundu. Nyuki nao wanapenda tundu la muti mkubwa. Kuna pia makundi ya ndege wa aina nyingi wanaotembea pamoja juu kwenye matawi wakitafuta wadudu. Kama hakuna tena juu, watatembea wapi?

Kusikia kelele nyingi si kuhesabu aina nyingi.

Na shida si shoka peke yake. Uingereza wanakata miti na kuacha visiki vichipuke tangu karne nyingi, lakini wanakata kwa vipande, kwa zamu. Kila kipande kina umri wake: ndege wa kichaka wanapata fasi, na penye miti mikubwa imeachwa, wale wengine pia wanapata fasi. Kwetu zamu iko wapi? Wanakata yote, wanarudi kukata machipukizi kabla hayajawa miti, kisha moto wa mwezi wa tisa na wa kumi unamaliza kazi. Huko Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu, walianza kujaribu hayo tangu 1933: fasi iliyochomwa kila mwaka mwisho wa kiangazi, miti ya miombo iliisha, yakabaki majani marefu. Kisiki kinachochomwa kila mwaka kinachoka.

Tusiambiwe kwamba mwenye kosa ni mama anayeuza makala sokoni. Mji huu uko tangu 1910, umezungukwa na shaba na migodi, na bado mbabula ndiyo inapika chakula chetu. Asiye na umeme atapika na nini? Kumfukuza mkata makala bila kumpa njia ingine si kulinda pori, ni kuonea maskini.

Kwa hiyo tunadai:

1. Pori likatwe kwa vipande na kwa zamu. Kipande kilichokatwa kipumzike mpaka fito ziwe miti.
2. Katika kila kipande, miti mizee na yenye matundu isiguswe.
3. Moto wa mwisho wa kiangazi ukomeshwe. Penye lazima kuchoma, kuchomwe mapema, majani yakiwa bado na maji.
4. Vijiji vipewe misitu yao. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupata mpaka hektari 50.000. Karatasi iko, tunataka kazi.
5. Umeme ufike majumbani, si migodini tu.

Ndugu zetu, siku wakiwaambia tena kisiki kinachipuka, waulizeni: na tundu la hondohondo, nalo linachipuka? Muti wa kubeba tundu lile unahitaji miaka mingi kuliko mandat ya kiongozi yeyote. Ndiyo sababu hatutawaachia peke yao.

Pori ni letu. Hatutanyamaza.