Mambo ya Nyumbani: Kesho Haina Mwisho

Wazee walisema kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho. Methali hiyo hufundishwa shuleni, hurudiwa arusini na matangani, wala hakuna mtu mzima asiyeijua. Hata hivyo, katika nyumba nyingi bado kuna jambo moja linalongoja: paa linalovuja, deni lisilozungumzwa, jino linalouma usiku, barua isiyojibiwa. Ikiwa methali yajulikana na wote, mbona haifuatwi? Wengi hujibu upesi kwamba sababu ni uvivu. Jibu hilo ni jepesi mno, na mara nyingi si la kweli.

Chukua, ndugu msomaji, mfano wa jamaa moja ya Katuba, mjini Lubumbashi, unaofanana na wa jamaa nyingine nyingi. Baba ni mwashi. Huamka saa kumi alfajiri, hutembea kwa miguu hadi penye kazi, na hurudi jua limekwisha kutua. Hakuna jirani awezaye kumwita mvivu. Mwezi wa Mei, kiangazi kilipoanza, mkewe alijifungua mtoto wa kike. Zahanati ikawapa karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, nayo ikawekwa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu.

Muuguzi aliwakumbusha kwamba karatasi hiyo siyo hati ya kuzaliwa. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya mwaka 2009, inataka kila mtoto aandikishwe kwa ofisa wa hali ya raia katika muda wa siku 90 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita, tamko la mzazi peke yake halitoshi tena. Hutakiwa kwanza hukumu ya mahakama. Na asiye na hati atapata taabu ukubwani kuthibitisha jina lake, umri wake, na kwamba yeye ni mwana wa fulani.

"Baba, lini tutamwandikisha mtoto komini?" mama aliuliza mtoto alipotimiza juma la tatu.

"Juma lijalo, mama. Kazi ikipungua."

Juma lijalo likazaa juma lijalo jingine. Siku ya 90 ilipita mwezi wa Agosti, katikati ya vumbi la kiangazi, bila mtu nyumbani kuitambua. Baadaye iliwabidi kwenda mahakamani, kutafuta mashahidi, kulipia karatasi na kupoteza siku za ujira. Jambo ambalo lingekwisha mapema likala miezi.

Ukweli ulitokea usiku mmoja, sahani ya bukari ikiwa bado mezani. Baba aliacha shule katika mwaka wa tatu. Husoma kwa shida, na karatasi za ofisini huandikwa Kifaransa. Alichokuwa akikikimbia si komini, bali ile dakika ya kusimama dirishani, watu wakiwa nyuma yake, na kuambiwa: soma hapa, tia sahihi hapa. Na kadiri siku zilivyopita, hofu ya pili iliongezeka juu ya ile ya kwanza: kuulizwa kwa nini amechelewa.

Mama naye alikuwa na lake. Sheria yamruhusu baba au mama kumwandikisha mtoto, hivyo angeweza kwenda mwenyewe. Lakini alihisi kwamba kwenda peke yake ni kuitangaza aibu ya mumewe, na kulisema jambo hilo nyumbani ni kumdhalilisha. Akaahirisha kusema, kama mumewe alivyoahirisha kwenda. Watu wawili wenye bidii, wanaompenda mtoto wao, wakashindwa na jambo la asubuhi moja.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2013, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza katika maandishi yao kwamba anayeahirisha hasa anatafuta kutuliza moyo wake kwa wakati ule. Kazi fulani huleta hofu, aibu, uchovu au mashaka. Mtu akiisukuma mbele, moyo hupoa papo hapo. Kupoa huko ndiko malipo yake. Malipo hufika leo, adhabu hufika baadaye. Na kwa kuwa kila mara kuahirisha kunalipa, nafsi hujifunza kuahirisha tena. Kwa hiyo anayemkaripia mwenzake kwa kuchelewa aghalabu humwongezea kile kile anachokikimbia.

Hii haimaanishi kwamba kila kungoja ni kosa. Mkulima anayengoja mvua ndipo apande mahindi haahirishi, anafuata majira. Mama asiyekwenda sokoni kwa sababu hana fedha haahirishi, amekosa uwezo. Haraka haraka haina baraka, nayo ni kweli. Alama ya kuahirisha ni moja: mtu anajua kwamba jambo lapaswa kufanywa sasa, ana uwezo wa kulifanya, anajua kwamba kungoja kutamdhuru, na bado anangoja.

Miaka miwili baadaye, mtoto wa pili alizaliwa katika nyumba ile ile. Safari hii mama hakusema, "Kesho twende komini." Alisema, "Baba, kesho ukimaliza chai, toa karatasi ya zahanati sandukuni uitie mfukoni mwa shati." Hilo tu. Kutia karatasi mfukoni hakumwogopeshi mtu.

Jioni yake walimwendea jirani mwalimu, naye akawataja maswali yanayoulizwa: jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi, makao yao na kazi zao. Baba akayajibu yote kwa mdomo, kisha akatia sahihi yake mara tano katika daftari kuukuu. Halafu wakapanga: Jumatatu, saa mbili asubuhi, kutoka nyumbani moja kwa moja, wote wawili. Mtoto alikuwa na siku 12. Dirishani baba alijibu alipoulizwa, na palipotakiwa sahihi aliitia polepole. Aliyekuwa nyuma yake katika mstari alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe.

Yapo mafunzo manne katika mwenendo huo. La kwanza, itafutwe ile dakika inayoogopwa, kwa maana hofu iliyotajwa jina hupungua kimo. La pili, kazi ikatwe, na hatua ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba kuikataa ni kazi kuliko kuifanya. La tatu, hatua hiyo ifungwe kwenye saa na mahali. Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu anayeazimia, "Likitokea jambo hili, nitafanya hili," hutimiza zaidi kuliko anayesema tu kwamba amekusudia. "Ukimaliza chai" ni bora kuliko "kesho", kwa kuwa chai ina mwisho na kesho haina.

La nne ni kusamehe. Mwaka 2010 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada. Wale waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza walipunguza kuchelewa katika ule wa pili. Anayejilaani huogopa hata kulitazama daftari. Aliyejisamehe aweza kulifungua.

Wazazi na wakumbuke hayo mbele ya watoto. Mtoto anayezungukazunguka na daftari la hesabu asiitwe mvivu kabla hajaulizwa ni hesabu ipi inayomshinda. Huenda jibu likawa ni moja tu, ya mwanzoni kabisa, naye anaona haya kusema.

Usiku huu, kabla taa haijazimwa, mume na mke waulizane bila ukali: Ni jambo gani humu ndani linalongoja, na ni wapi hasa moyo unaposita? Kisha wasiahidiane kulimaliza. Waahidiane hatua moja tu, na waitaje saa yake.