Pointi za ndege ni mali ya nani?

Katika kikao cha mwisho cha sendika yetu hapa Bihambwe, mchimbaji mmoja alinyanyua mkono na kuuliza: « Ile karte ya ndege yenye iko mfukoni mwa delege wetu, pointi zake zinatoka wapi na zinaenda wapi? » Watu walicheka. Mtu wa shimo na pointi za ndege, wapi na wapi? Lakini tulipoanza kuhesabu, kicheko kikaisha.

Tueleze kwanza hii kitu. Tangu 1981, wakati American Airlines ya Marekani ilianzisha mpango wake, makampuni mengi ya ndege yanavuta wateja kwa njia ya pointi. Unajiandikisha bure, wanakupa namba. Kila mara unanunua tike, unatoa ile namba, na safari inageuka pointi. Kampuni zingine zinahesabu urefu wa njia na daraja la tike, zingine zinahesabu feza zenye zimelipwa. Pointi zikifika kiasi, unapata tike, ao kilo za mizigo za kuongeza, ao kiti kizuri zaidi. Ethiopian inaita mpango wake ShebaMiles, Kenya Airways inauita Asante Rewards. Na kwa kuwa Ethiopian iko ndani ya Star Alliance pamoja na Brussels Airlines, karte moja inaweza kukusanya pointi kwenye njia ya Addis-Abeba na ile ya Bruxelles pia.

Sasa, nani anapanda ndege kwa jina la wachimbaji? Delege wetu. Anaenda Kinshasa. Anaenda Paris, penye OCDE inakusanya watu kila mwaka juu ya madini, na pale anazungumza juu ya koltan ya Rubaya. Tike inalipwa na nani? Mara mfadhili, mara sisi wenyewe, kwa mchango wa franga 1.000 kila mwezi. Zile franga zinatoka kwa mtu mwenye alishinda ndani ya shimo kutoka asubuhi, na zingine kwa mama mwenye anaosha mchanga mtoto akiwa mgongoni. Feza ni za wote, lakini kampuni inaandika pointi kwa jina la mtu mmoja tu, yule mwenye alikaa kwenye kiti. Sheria yao njo iko vile. Sendika hawaijui.

Kwetu, kwa miaka 3 tulilipa tike 7 za kwenda na kurudi. Pointi zilitosha kutoa tike moja nzima. Ile tike ilitumika kwa kwenda arusi ya jamaa. Hatusemi kama delege ni mwizi: hakuna karatasi yenye ilimkataza, na hakuna mtu alimuuliza. Kosa ni letu sote, sababu tulituma mtu bila kuandika masharti.

Wakubwa pia walianguka kwa jambo hili. Ujerumani, mwaka 2002, ilijulikana kama wanasiasa walitumia kwa safari zao binafsi pointi zenye zilitokana na safari za kazi. Sheria ya bunge lao ilitaka pointi zile zirudie kazi. Mwezi wa 7, Gregor Gysi, aliyesimamia uchumi katika serikali ya Berlin, aliacha kiti chake. Haikuwa feza nyingi. Lakini raia waliuliza swali moja na la mchimbaji wetu.

Kuna wenzetu wanasema: mwachieni, delege anateseka. Ni kweli anateseka. Anatoka hapa na moto ndani ya matope mpaka Sake, na tangu kiwanja cha Goma kilifungwa mwezi wa kwanza 2025, anavuka mpaka kutafuta ndege mbali. Lakini mateso ya safari yanalipwa na feza ya misheni, yenye inapigiwa kura mbele ya wote. Kama ni kidogo, tuiongeze mbele ya wote. Zawadi ya siri haiwezi kuwa mshahara.

Tena tukumbuke Walikale. Wabebaji walitoa kasiterite ya Bisie na mgongo, kilo 50 kwa gunia, siku mbili ndani ya msitu mpaka Njingala. Kisha ndege ndogo zilitua kwenye barabara pale Kilambo, zikapeleka mzigo Goma. Wale wabebaji, hakuna mtu aliwahesabia hata kilomita moja.

Njo maana tunapendekeza mambo haya. Kwanza, kila delege ajiandikishe mbele ya safari, na namba yake ijulikane kwa mtunza feza. Pointi nyingi zinapotea sababu hakuna mtu alitoa namba wakati wa kununua tike. Achunge pia kipande cha karatasi cha kupandia ndege. Nacho anaweza kudai pointi zenye hazikuandikwa. Pili, rapore ya kila safari ionyeshe pointi zimefika ngapi. Tatu, pointi za safari ya sendika zilipe safari ya sendika. Mipango mingi inaruhusu mwenye karte kutoa tike kwa mtu mwingine. Basi tike ya kwanza itoke kwa mama mmoja wa kuosha madini, akasemee wenzake kule penye wanatuzungumzia bila sisi.

Lakini tusidanganyike. Tike ya pointi bado inadai kodi na malipo mengine, na pointi zenyewe zinaweza kuisha muda. Kununua tike ya bei kali kwa kufuata pointi ni hasara. Tununue yenye bei nafuu, kisha tuchukue kile kinatufikia.

Kila siku tunagombana na wanunuzi juu ya mizani, tunataka kilo zetu zipimwe mbele ya macho yetu. Tuanze na mizani ya nyumbani kwetu. Kikao kinachokuja, hii iwe kwenye orodha, namba moja.