ANAYEONDOLEWA NA MASHINE APEWE NINI?



Safari hii hatuandiki habari za bei ya kilo. Tunaandika habari za yule ambaye hana kilo tena ya kupeleka mizanini.

Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho. Watu wakapambana na polisi, na damu ikamwagika. Wako waliosema kwamba huo ni ujinga wa watu wasiopenda maendeleo. Mimi sikubali kuchoma mali, maana mashine iliyoungua tajiri hununua nyingine, lakini aliyepigwa risasi harudi. Hata hivyo jambo hili halikuanza siku ile. Oktoba 2010 wachumaji waligoma kwa ajili ya mashine hizo hizo. Na mwaka huo wa 2023 mjumbe mmoja wa kamati iliyoundwa kuchunguza uchumaji wa chai alisema kwamba kazi 30,000 zilikwisha kupotea katika Kericho peke yake kwa muda wa miaka kumi. Kamati ilipendekeza sehemu 60 za chai zichumwe kwa mashine na 40 kwa mkono, tena iwekwe sheria ya kupunguza mashine zinazoingizwa kutoka ng'ambo.

Vema. Lakini wale 30,000 je? Hesabu ya 60 kwa 40 haiwarudishi shambani.

Tutazame sheria iliyopo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema tajiri akitaka kupunguza watu lazima akiarifu chama na Ofisa wa Kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi. Lazima alipe siku za likizo zilizobaki, na kwa kila mwaka uliotimia alipe mshahara wa siku zisizopungua 15. Basi mama aliyechuma chai miaka 18 atapata siku 270. Mgongo wa miaka 18 umelipwa kwa fedha zisizofika mwaka mmoja.

Na huyo ni mwenye bahati. Yuko mwingine aliyeandikwa kwa mkataba wa miezi michache, akapumzishwa majani yalipopungua, akaandikwa tena mvua iliponyesha, hivyo hivyo miaka kumi. Ukimwuliza karani atakuambia huyo hana hata mwaka mmoja uliotimia. Mkataba ukiisha haitwi mtu aliyepunguzwa, anaitwa mtu ambaye hakuandikwa tena. Ndugu zangu, hapo ndipo tunapoibiwa hesabu, na hapo ndipo chama kishike sana kuliko mahali pengine popote.

Tena kazi ya chai si mshahara tu. Ukitoka kazini unatoka na nyumba ya kambi, watoto wanatoka shuleni, na zahanati ya shamba haikujui tena. Aliyetoka mbali aende wapi? Fedha zake za NSSF kwa kawaida hazipati mpaka atimize miaka 50, na yeye ana 38. Jirani zetu wa Tanzania waliingiza fao la kukosa ajira katika sheria yao mwaka 2018. Kenya tunaambiwa tuvumilie.

Wenzetu wa viwanda vya nguo walipita njia hii kabla yetu. Miaka ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni, viwanda vya Kisumu na Eldoret vilidhoofika na kufungwa. Rivatex ya Eldoret ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kwa hiyo majengo yalipata mwokozi. Mfumaji aliyetolewa hakuwa na mfuko wowote wa Serikali wa kumshika mkono.

Wamarekani walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1962, wakati wa Rais Kennedy: mfanyakazi aliyeondolewa na bidhaa za nje apewe posho na afundishwe kazi nyingine. Uzuri wa karatasi! Mpaka mwaka 1969 hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa, kwa kuwa masharti yalikuwa magumu mno. Yalilegezwa mwaka 1974, ndipo watu wakasaidiwa kwa wingi. Na tangu Julai 2022 maombi mapya hayapokewi tena. Sheria ile ilihusu bidhaa za nje, na mchumaji wetu angeambiwa hahusiki kwa sababu kilichotoka nje ni mashine, si chai. Njaa ya nyumbani haiulizi imeingia bandarini kwa jina gani.

Kwa hiyo sisi tusiombe jina la sheria, tuombe masharti ambayo mchumaji anaweza kuyatimiza. Kila mwajiri nchini hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo ya kazi, chini ya NITA. Sehemu ya fedha hizo iwafundishe wanaoondolewa: ufundi wa hizo mashine zenyewe, ushonaji, useremala, udereva. Na anayefundishwa apewe posho, maana hakuna anayejifunza na watoto hawajala. Tajiri anayeleta mashine achangie mfuko kwa kila mashine, na miaka ya mikataba mifupi ihesabiwe pamoja.

Matajiri watasema gharama zitazidi. Nao wamenunua mashine ili gharama zipungue. Basi sehemu ndogo ya kile kilichopungua imfuate aliyepunguzwa.

Mpaka hapo, kazi iko kwetu. Kila mjumbe wa kambi aandike katika daftari jina la kila mtu aliyetolewa au ambaye hakuandikwa tena, mwaka alioanza, na mikataba yote aliyoshika. Karatasi za zamani za mishahara msiwashie moto jikoni. Zileteni kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, hata kama zimeloa mvua.