Kambare na perege bwawa moja: tunauliza swali nusu

Wiki hii nimepokea simu tatu zenye swali moja: "Afisa, perege na kambare wanakaa bwawa moja?" Mmoja alipiga akiwa ndani ya basi anatoka Songea mjini kurudi huku Madaba, mifuko ya vifaranga iko miguuni. Yaani ameshanunua, sasa ndiyo anauliza.

Miaka ya nyuma ningemjibu "ndiyo, wanakaa" na kukata simu. Jibu hilo si la uongo. Vitabu vinasema wanakaa, mabwawa mengi Ruvuma yana wote wawili, na mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi. (Na kabla hamjanikumbusha: mimi ni bwana shamba, bwana samaki ni mwenzangu. Lakini mwenye bwawa la kijijini haangalii cheo, anapiga namba aliyonayo.)

Jibu hilo liliwatia hasara vijana sita niliokuwa nawasimamia. Walikuwa na bwawa la mita 15 kwa 20, na mavuno ya kwanza ya perege na kambare yalikwenda vizuri. Siku ya kuvuna tulivuta nyavu mara tatu, tukaona samaki wameisha. Mvua zilikuwa zinakaribia, vifaranga wapya walishaagizwa, na kutoa maji yote kungetuchukua siku kadhaa. Wakaniuliza kama ni lazima kukausha. Nikasema si lazima. Wakamwaga vifaranga 900 wa perege. Baada ya miezi mitatu tukavuta nyavu kuwapima uzito. Tukapata perege wa kuhesabika kwa vidole, na kambare watano wanene kama mkono wangu. Walikuwa wamejichimbia kwenye tope tangu mavuno yale. Hela ya vifaranga ilikuwa ya mkopo, na marejesho hayakusubiri. Ushauri ule ulikuwa wangu, sina wa kumsingizia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama wanakaa pamoja, namrudishia swali: nani anatangulia kuingia, ana urefu gani, na umemweka wa kazi gani?

Kambare hali perege kwa sababu ana roho mbaya. Anakula kinachoingia mdomoni, na mdomo wake ni mpana. Perege wa robo kilo ana mwili mpana na miiba mgongoni, kambare wa umri wake hahangaiki naye. Kifaranga wa perege wa urefu wa kidole ni tonge. Kwa hiyo samaki wale wale wawili wanaweza kuwa majirani wazuri mwezi wa nne, na mwezi wa kwanza mmoja akawa chakula cha mwenzake. Kinachobadilika ni rula tu.

Ndiyo maana nasema perege watangulie. Kwa bwawa la mita za mraba 300, mimi naanza na perege 600, wawili kwa kila mita. Nawaacha miezi miwili hivi. Kisha naingiza kambare wadogo, mmoja kwa kila perege kumi, yaani 60, na ninataka perege awe na urefu angalau mara mbili ya kambare anayeingia. Muuzaji akikuletea kambare ambao wengine wamewazidi wenzao, wachambue. Hao wakubwa wameshaanza kula ndugu zao kwenye tangi, hawatakuonea huruma bwawani.

Kwa nini tuwaweke kabisa kambare kama wana shida yote hii? Kwa sababu ya uzazi wa perege. Ukipandikiza madume na majike pamoja, wanaanza kuzaa wakiwa bado wadogo, hata miezi minne hawajamaliza. Jike anatunza mayai mdomoni, watoto wengi wanapona, na baada ya muda una bwawa limejaa samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto wanaogombania chakula kile kile. Unalisha wengi, huuzi hata mmoja kwa bei ya maana. Hapo kambare ni kibarua: anapunguza watoto, wakubwa wanapata nafasi ya kukua. Kama umenunua vifaranga wa jinsia moja, madume watupu, hiyo kazi haipo au ni ndogo sana. Basi jiulize unamweka kwa nini. Kama ni kwa ajili ya kumuuza, mchimbie bwawa lake umlishe inavyotakiwa, maana anataka chakula chenye protini nyingi kuliko perege. Na ujue wateja wako kwanza. Jirani zetu Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na kwenye baadhi ya vijiji hao ni wengi tu.

Kwenye joto hawatofautiani sana, wote hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai wote wanadorora, kwa hiyo usiwalaumu wao wala chakula. Kwenye hewa ndiyo wanaachana. Kambare ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, perege hana. Bwawa likizidishiwa samadi, alfajiri utaona perege wamepanda juu wanahema. Usipopunguza samadi na kuongeza maji safi wanakufa, kambare anawala waliokufa, na wewe ukimpasua kambare unakuta perege tumboni. Unasema kambare kamaliza samaki wangu. Hapana ndugu yangu, umewamaliza kwa samadi.

Kwa mnaofugia kwenye simtanki, kuna jambo jingine: perege dume ni mkorofi. Ukoo wake ni mmoja na wale mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, ambao Ulaya na Marekani watu wanawafuga kwenye matangi ya vioo kama mapambo. Wafugaji hao wanawajua mbuna kwa ugomvi, kila dume na jiwe lake. Wanawawekea mawe mengi ya kujificha, na wengine wanawaweka wengi kwa makusudi ili mnyonge asiandamwe peke yake. Bwawani perege aliyefukuzwa ana pa kukimbilia. Kwenye tangi la lita 1,000 hana, utamkuta mapezi yameliwa.

Sasa niseme jambo ambalo najua wengine hawatalipenda. Mchanganyiko ninaoupinga zaidi ni ule wa samaki wasiogombana kabisa: sato wa kuletwa pamoja na perege wa kienyeji. Hao hawalani. Wanazaliana. Watoto wao ni chotara, na chotara nao wanazaa, baada ya vizazi vichache hujui una samaki gani bwawani na huna mbegu ya kumuuzia mtu. Wakitoroka mvua ikijaza bwawa, wanaingia mtoni kwa wenyeji. Kule Ziwa Victoria sato aliingizwa miaka ya 1950, kama sangara. Ngege, perege wa asili wa ziwa lile, leo ni adimu ziwani kwenyewe. Uvuvi uliokithiri ulichangia, sangara alichangia, na sato pia alichangia. Sisi bado tuna perege wetu kwenye mito na Ziwa Nyasa. Kwa hiyo sato na perege wa kienyeji mabwawa mbalimbali, na mfereji wa kutolea maji uwe na wavu. Kabla ya kununua mbegu, ulizeni kituo cha Ruhila pale Songea ni aina gani inafaa kwenu.

Na bwawa likivunwa, likaushwe. Maji yatoke yote, tope lipasuke kwa jua, upite na jembe pale penye unyevu. Kambare anaweza kukaa kwenye tope bichi muda mrefu kuliko subira yako.

Yule wa kwenye basi nilimwambia amwage perege tu. Kambare wake amempa jirani mwenye bwawa tupu. Wengine atanunua baada ya miezi miwili, na ameahidi siku hiyo atanipigia kabla ya kupanda basi.