Mbegu za Viazi Zisikwame Maabarani

Wakulima wa Molo, Mau Narok, Elburgon na Kuresoi wamejaliwa mvua na udongo mwema. Wanachokosa ni mbegu. Msimu baada ya msimu, viazi vikubwa hupakiwa lorini kupelekwa Nairobi, na vile vidogo visivyopata mnunuzi ndivyo hurudishwa ardhini. Kwa kufanya hivyo mkulima huteua, pasipo kukusudia, mazao ya mashina dhaifu ambayo huenda yamekwisha kuambukizwa virusi au mnyauko wa bakteria. Kwa miaka mingi wataalamu wamekadiria kwamba mbegu iliyoidhinishwa haifikii asilimia 5 ya mbegu ya viazi inayopandwa nchini. Hiyo ni fedheha kwa taifa ambalo kiazi ndicho chakula chake cha pili baada ya mahindi.

Fedheha yenyewe huzidi tukikumbuka kwamba dawa yake si ngeni. Mwaka 1952 Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walionyesha, kwa kutumia ua la dahlia, kwamba ncha changa kabisa ya chipukizi ikikatwa na kukuzwa ndani ya chupa safi yaweza kutoa mmea usio na virusi, hata kama mmea mama ulikuwa mgonjwa. Viazi vilifuata baadaye. Kwa ukuzaji huohuo wa tishu, wazalishaji wa bilinganya, ambayo ni ya ukoo mmoja na kiazi, hupata kutokana na chavua mimea yenye sifa thabiti kwa hatua moja, badala ya kungoja vizazi vingi.

Hesabu yake si ngumu. Kiazi kimoja kikizaa kumi kwa msimu, baada ya misimu miwili mkulima ana viazi mia moja. Mche wa chupa ukikatwa vipande vinne kila baada ya wiki nne huwa miche 4,096 baada ya kukatwa mara sita, yaani katika muda wa takriban nusu mwaka.

Wala isisemwe kwamba mkulima wetu ni mzito wa kupokea mambo mapya. Aina ya Shangi ilienea kutoka shamba hadi shamba kwa mikono ya wakulima wenyewe, na ilipoidhinishwa rasmi mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kutawala masoko. Ni kweli kwamba mnyauko nao ulisafiri katika magunia hayohayo.

Basi kizuizi ni nini? Kwa maoni yetu, ni ile safari fupi kati ya chupa na shamba. Mche wa maabara ni mwororo. Wahitaji nyumba ya wavu, maji safi na mtu wa kuuangalia kila siku, na haufungwi guniani ukatupwa juu ya lori. Huko Naivasha, kampuni ya miche ya waridi ya Stokman Rozen ilishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kuzalisha vipandikizi vyenye mizizi kutokana na miche ya chupa. Ujuzi, kwa hiyo, umo humu humu kaunti ya Nakuru, ila mwendo wa kutoka Naivasha hadi Kuresoi ni mrefu kwa mche wa namna hiyo.

Kilimo ni wajibu wa serikali za kaunti tangu 2013. Inafaa serikali ya Nakuru isaidie vyama vya ushirika kujenga vitalu vya miche katika kila wadi inayolima viazi, na wakaguzi wa KEPHIS, ambao wana ofisi mjini Nakuru, wavifikie bila kuitwa mara tatu. Miche iuzwe kwa bei nafuu. Isigawanywe bure mikutanoni wakati wa kampeni. Tena mkulima aambiwe ukweli kwamba mche safi ukitiwa katika shamba lenye mnyauko utanyauka pia, na kwamba hana budi kubadilisha mazao.

Wazee wa Molo hawajasahau pareto, zao walilolitunza vyema kisha wakakaa miaka wakidai malipo. Hawatashawishiwa na hotuba. Watashawishiwa na kitalu wanachoweza kukifikia kwa miguu, chenye miche iliyo tayari kabla ya mwezi Machi. Miche ikifika Mei, mvua ikiwa imekwisha kushika kasi, mkulima atakuwa amekwisha kuvifukia vile viazi vyake vidogo.