Msitupimie Viwanja Juu ya Njia Zetu

Nina swali kwa kila anayepima viwanja pembezoni mwa Nachingwea na Ruangwa. Ukikuta njia ya miguu imekanyagwa na watu miaka na miaka mpaka majani yamekata tamaa ya kuota, unaiandika wapi? Mkorosho unauhesabu, kwa sababu mthamini atakuja kuutia bei. Kaburi unalihesabu. Hata banda la kuku lililoezekwa kwa nyasi unalihesabu. Njia unaikanyaga kwa buti zako mwenyewe ukienda kuchimbia bikoni, na mchoro ukitoka, njia haipo. Pale ilipokuwa pana kiwanja chenye namba, na kiwanja kina mnunuzi, na mnunuzi anaishi Dar es Salaam.

Huo ni unyang'anyi. Unafanyika kwa rula na penseli, una muhuri, na hakuna anayepelekwa polisi.

Sababu haihitaji shahada kuielewa. Fidia ya ardhi hulipwa kwa mtu: shamba la fulani, miti ya fulani, nyumba ya fulani, posho yake ya usumbufu na ya usafiri. Njia si ya fulani. Inatumiwa na mama anayekwenda kuokota korosho alfajiri, na mtoto wa darasa la pili, na mzee anayepeleka mjukuu zahanati, na wote hao kwa pamoja hawana jina moja la kuandika kwenye fomu. Kwa hiyo njia ikifutwa hakuna anayelipwa, na kwa kuwa hakuna anayelipwa hakuna anayelalamika kwa maandishi, na kwa kuwa hakuna barua ya malalamiko, ofisi inasema wananchi wameridhia.

Na miji hii inakua, asikudanganye mtu. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipopewa wilaya yake miaka ya 1990. Leo ina timu ya ligi kuu, Namungo, ina lami iliyotokea Nanganga, ina wachimbaji waliofuata madini ya kinywe, na kwa miaka kumi mbunge wake alikuwa ndiye Waziri Mkuu wa nchi. Nachingwea ina soko lake na fedha za korosho zinazoingia kila msimu kupitia minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika. Fedha ya msimu ikiingia, mtu ananunua kiwanja. Lami ikikaribia, dalali anatangulia mbele ya greda. Sina ugomvi na hayo. Nani asiyetaka lami? Ugomvi wangu ni na mji unaojipanua kwa kula njia za watu waliokuwa wakiulisha.

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kuhadithiwa habari za michoro, maana mji wao wenyewe ulitoka kwenye mchoro. Mwaka 1947 serikali ya Chama cha Labour ya Uingereza, chini ya Clement Attlee, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kusini Nachingwea. Ramani ilidai zaidi ya ekari milioni tatu. Yakaletwa matingatinga, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vilivyosalia vitani. Reli ikajengwa kuja Nachingwea, na kule Mtwara ikajengwa bandari ya kina kirefu kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 mradi ulitupwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kata ya Stesheni ipo mpaka leo, treni haipo. Mashamba nayo yalikuwa yamepewa namba tu, kana kwamba mahali hapa hapakuwa na jina kabla ya mzungu kufika na karatasi, na Farm 17 inaitwa Farm 17 mpaka sasa.

Lakini kinachoniuma zaidi ya karanga ni hiki. Mwaka 1949, matingatinga yakinguruma kusini mwa Tanganyika, serikali ileile ya Attlee ilipitisha bungeni London sheria ya hifadhi za taifa na haki ya watu kufika mashambani. Sheria hiyo iliziagiza halmashauri za England na Wales kuorodhesha njia zote za miguu za umma na kuzichora kwenye ramani rasmi. Kazi ilianzia chini kabisa: mabaraza ya parokia, yaani serikali zao za ngazi ya kijiji, yalitoa watu wa palepale, waliozijua njia, wakazipita kwa miguu na kuziandika moja moja. Njia ikishaingia kwenye ramani ile, ramani inakuwa ushahidi mbele ya hakimu. Mwenye shamba, hata awe lodi, haruhusiwi kuiwekea uzio. Akitaka ihamishwe lazima itangazwe, na mtu yeyote anaweza kupinga.

Serikali moja, mwaka mmoja. Kwao, kinjia cha kwenda kanisani kililindwa na bunge. Kwetu, ilitosha kuchora mstari ulionyooka na kupitisha tingatinga. Hawakuwa wajinga wa thamani ya njia. Walijua vizuri sana, ila walijua kwa ajili ya watu wao.

Sasa mkoloni amekwisha kwenda zake, na mimi sikubali tena kisingizio chake. Anayechora leo ni mtoto wa hapa hapa. Amesoma kwa kodi ya korosho. Bibi yake alipita njia hizi akiwa na mzigo kichwani. Yeye akishika penseli anaona pori.

Kusini tumekwisha kulipa bei ya upofu huu mara moja, tena kwa zao lenyewe. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikapangwa kandokando ya barabara, mikorosho ikabaki ilikokuwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa na tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Ubwiri unga ulichangia, bei mbaya ilichangia, lakini wengi waliouchunguza mporomoko ule wamelitaja na hili: mtu alitenganishwa na mti wake. Korosho haivunwi kwa siku moja kama mtu anavyokata mkungu wa ndizi. Unapalilia chini ya mti kabla ya msimu, unapuliza salfa na kurudia, halafu inaanza kudondoka nawe unaokota leo, kesho kutwa, wiki ijayo, miezi kadhaa. Baada ya hapo kuna kubeba hadi nyumbani, kuanika, kubeba tena hadi ghala la chama cha msingi. Kila hatua ni mwendo. Ukiurefusha mwendo umelikata zao bila kugusa tawi hata moja. Anayeziba njia ya kwenda mashambani kwa ukuta wa tofali anaigusa mifuko ya watu ambao hawajui hata jina lake.

Najua watakachonijibu. Watasema kila kiwanja kwenye mchoro kina barabara, kwa hiyo hakuna aliyefungiwa. Nendeni mkazitazame barabara hizo. Nyingi zipo kwenye karatasi tu, uwandani ni kichaka. Zikija kufunguliwa, zimechorwa kwa kumfikiria mwenye gari: zinazunguka, zinakutana na barabara kuu, na huko ndiko mtoto wa shule anakosukumwa akatembee ukingoni pamoja na malori. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya mmoja katika kila watano ni mtembea kwa miguu. Asiye na nauli ya boda ndiye anayepewa hatari hiyo, eti kwa jina la mji uliopangwa.

Watasema pia njia zetu zimepindapinda, hazina mpangilio. Zimepinda kwa sababu zinajua maji ya masika yanapita wapi. Waliozikanyaga walikwepa mkondo, wakafuata mgongo wa ardhi, wakavuka korongo pale panapovukika. Mstari ulionyooka hukatiza bondeni, na kila baada ya mvua kubwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inaombwa kalavati jipya mahali ambapo bibi asiyejua kusoma alikataa kupita.

Na wasinigeuzie maneno kwamba napinga upimaji. Mji usiopimwa nao hula njia, tena kwa pupa zaidi: huyu anasogeza msingi hatua moja, yule anaongeza choo, mwisho jeneza linapitishwa kiubavuubavu na gari la zimamoto linabaki kuangalia moshi kwa mbali. Dar es Salaam inayo mitaa ya namna hiyo ya kutosha. Nataka tupimiwe, na hati tupewe. Ninachodai ni mpangilio wa kazi: kwanza zichorwe njia zilizopo, kisha viwanja vipatikane katika nafasi inayobaki.

Sheria zinaruhusu hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatenga ardhi ya jumuiya mbali na ardhi ya mtu na kaya, na inaitaka halmashauri ya kijiji iweke daftari la ardhi hiyo ya jumuiya. Njia za miguu na ziingizwe humo, kwa majina tunayoziita, zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Mji ukitaka kumeza ardhi ya kijiji, sheria hiyohiyo inasema eneo lisilofika hekta 250 haliondoki mikononi mwa kijiji mpaka mkutano mkuu uidhinishe. Mkutano mkuu, si mwenyekiti na mtendaji chini ya mwembe pamoja na mtu aliyekuja na gari. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, nayo inataka wenye ardhi na wadau wasikilizwe wakati mpango unaandaliwa. Mara ngapi mnaitwa? Mnaitwa siku ya kuonyeshwa mchoro uliokwisha kukamilika, mnapewa soda, mnasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo inageuka kuwa ridhaa.

Halmashauri zetu zitalia hazina fedha. Kuzitambua njia za kitongoji kizima hakuhitaji mkandarasi. Kunahitaji mwenyekiti, wazee wawili, wanawake wanaokwenda shambani, mtoto anayekwenda shule, na asubuhi chache za kutembea. Simu ya kijana yeyote wa bodaboda inaweza kuandika mwendo wenyewe ulivyo. Parokia za England zilifanya kazi hiyo miaka ya 1950 kwa kalamu na buti. Karatasi hiyo ikabidhiwe kwa afisa mipango miji na nakala ibaki kijijini, diwani aisome kwenye baraza na iingie kwenye muhtasari. Baada ya hapo, kiwanja chochote kitakachopandishwa juu ya njia kitakuwa kimepandishwa kwa makusudi, na jina la aliyefanya hivyo litajulikana.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji waliochaguliwa Novemba 2024 wana muda wa kufanya haya kabla ya kurudi kwetu kuomba kura. Wengine walitembea kwenye njia hizi hizi wakitafuta kura hizo, mlango kwa mlango, na hakuna aliyepotea.

Nawe unayesoma, uwe wa Nambambo, Stesheni, Nandagala au Mnacho, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na ukishatimiza miaka 18 wewe ni mjumbe. Nenda. Mchoro ukitandazwa, usiulize kwanza kiwanja ni bei gani. Uliza njia ya kwenda mashambani imechorwa wapi, uonyeshwe kwa kidole. Ukiambiwa itawekwa baadaye, usinyooshe mkono, na usisaini.